Upande Safi wa Jezi

Kocha mpya alikuwa na ugonjwa wake mmoja: kusoma jezi chafu. Kila mazoezi yakiisha, kabla sijaloweka hata soksi, ilinibidi nizitandaze zote kwenye benchi refu la chumba cha kufulia, kwa namba, naye apite akizigeuza mbele na nyuma. Mwenye jezi safi hakujituma, basi, na kocha hana simile naye. Klabu ilikuwa imeshuka daraja kwa aibu, tumefungwa mabao sitini na mawili, na yeye ameletwa aijenge upya. Alisema wachezaji wa zamani atabakiza wanane tu. Wiki ya kwanza watano walifungashwa virago, na jezi zao nilizitandaza mimi.

Nimefua hapo miaka kumi na miwili. Wananiita Mama Sabuni, na makocha tisa wamepita bila mmoja wao kunitia hofu. Huyu nilimwogopa, kwa sababu ya golikipa. Mashabiki humwita Komeo, lakini kwangu ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Mechi ya mwisho ya msimu alipigwa teke karibu na jicho la kushoto. Akalala chini dakika nne, akainuka, akamaliza mchezo. Tangu siku hiyo jezi yake ikawa inachafuka upande wa kulia tu. Kulia kuna tope, nyasi, na kiwiko kimechanika. Kushoto utadhani ametoka harusini. Nyumbani nako nikaanza kumchunguza. Chai ikiwekwa kushoto kwake aliimwaga, na bega alikuwa akiligonga kwenye mlango anaoupita tangu utotoni.

"Dada, unatia chumvi," aliniambia nilipomuuliza. "Nimechoka tu."

"Uchovu gani huo wa upande mmoja?"

"Nikiachwa na timu hii, kwa umri wangu nani atanichukua? Usiniharibie, tafadhali."

Nilimdokeza jirani yetu muuguzi bila kumtaja mtu. Akaniambia mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali haraka, na kichwa kisiguswe kabisa, maana pigo la pili linaweza kumwondoa duniani. Usiku huo sikula. Asubuhi nikajitia hamnazo, nikaenda kazini.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao ni mfua jezi tu angeweza kuufanya. Mazoezi yalipoisha nilikwenda nyuma, kwenye bomba, nikachota tope, nikaipaka jezi ya mdogo wangu ubavu wote wa kushoto, nikalisugua kwa kiganja mpaka likaingia kwenye nyuzi. Bukta nayo sikuiacha. Miaka yote natoa madoa, leo nayatia, tena nikitazama mlangoni kama mwizi.

Kocha alisimama mbele ya namba moja muda mrefu.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Ni mdogo wangu, kocha."

"Anaanguka pande zote mbili. Kipa wa kweli huyo." Akaandika kwenye daftari lake. "Timu nitaijenga kuanzia kwake."

Nilifurahi, sitasema uongo. Kwa wiki mbili nikapaka tope kila siku, na kila siku kocha akaandika. Kisha akatangaza zoezi jipya. Mabao mengi ya msimu uliopita yaliingia upande wa kushoto wa kipa, kwa hiyo straika mpya, jitu lenye mguu mzito, atapiga mashuti hamsini ya karibu kutoka pembe hiyo hiyo. Niliyasikia hayo nikiwa nimeshika ndoo, nikaitua chini.

Siku ya zoezi sikuweza kukaa ndani. Nikafulia nje, kando ya uwanja. Shuti la kwanza lilimpita mdogo wangu sikioni na yeye hakugeuza hata shingo. Aligeuka aliposikia wavu. Wenzake wakacheka, wakidhani anawafanyia mzaha. La pili liligonga mwamba, kama shibiri mbili hivi kutoka kichwani pake, na bado alikuwa anatazama mbele, mikono imetanuliwa, anasubiri mpira uliokwisha pita. Straika akarudi nyuma kujiandaa kwa la tatu. Niliacha beseni, nikakimbia mpaka katikati yao, mikono imejaa povu.

"Kocha, simamisha. Haoni."

"Dada, rudi kwenye nguo zako," mdogo wangu akasema. Hajawahi kunijibu hivyo maisha yake yote.

"Tope la kushoto nilikuwa nalipaka mimi, kocha. Nilipaka kwa mikono hii."

Nilitegemea matusi. Kocha hakunitazama hata kidogo. Alimwendea mdogo wangu taratibu, akasimama karibu na bega lake la kushoto, mbele kidogo.

"Tazama golini kule kwingine. Usigeuke. Nimeonyesha vidole vingapi?"

"Vitatu," akajibu papo hapo, kwa ile sauti yake ya kupanga mabeki.

Mikono yote miwili ya kocha ilikuwa mifukoni. Straika akauweka mpira chini.

"Vinne?" mdogo wangu akauliza.