Mkutano Ulioandikwa Kabla

Pale gazetini walikuwa na utaratibu wao, na asiyeujua angedhani ni wapiga ramli. Kurasa za ndani zilifungwa saa sita mchana, na mikutano ya kampeni ilianza saa tisa alasiri. Basi mkutano wa saa tisa uliandikwa saa nne asubuhi. Kama ni wa chama cha Ngazi, wenye gazeti, uwanja ulifurika. Kama ni wa chama cha Ndoo, uwanja ulikuwa mtupu. Hakuna aliyeona aibu. Ndoo nao walikuwa na gazeti lao mtaa wa pili, na huko uongo ulikuwa uleule, ila ulielekea upande wa pili.

Bingwa wa kazi hiyo alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, ambaye jimbo zima lilimjua kwa jina la safu yake: Pilipili. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiwawasha Ndoo, nao wakimsoma kwa siri ili wapate cha kukasirikia. Sasa zilibaki siku tisa kumchagua gavana. Ngazi, waliolitawala jimbo muda wote huo, walikuwa wameshamnong'oneza kwamba wakirudi madarakani, yeye ndiye atakuwa msemaji wa gavana. Mtu akishanong'onezwa jambo kama hilo, masikio yake hayapokei jingine.

Asubuhi ile aliuandika mkutano wa Ndoo bila hata kukuna kichwa. Viti vilikuwa vingi kuliko watu. Mgombea alitokwa jasho. Na kwa kuwa Ndoo walikuwa na mtindo wa kumpandisha jukwaani mtu mwenye shida kila mkutano, akamalizia hivi: "Walipoishiwa sera, wakamleta mwombolezaji wa kukodi, mama mmoja aliyelia machozi ya kitunguu kwa ajili ya mtoto ambaye hata mochwari haimjui." Alicheka peke yake. Akampelekea fundi wa kurasa, akaenda kula.

Saa tisa na nusu alikuwa amekaa kwa fundi huyo, katika chumba chenye feni inayozunguka bila kupoza kitu, wakisikiliza mkutano redioni. Walisikiliza kila siku ili wawacheke. Mtangazaji akasema sasa atazungumza mama mmoja mwananchi. Mama akakohoa mara mbili kabla ya kuanza, na kikombe cha chai kikamgandia Pilipili mkononi. Alikuwa amekulia nyumba moja na kikohozi kile.

"Mimi si Ndoo, si Ngazi," alisema dada yake redioni. "Mimi ni mwalimu wa chekechea. Mwezi wa pili binti yangu wa miaka minne alibanwa na pumu. Tulimfikisha hospitali ya jimbo anaongea. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, mtupu. Wakaleta wa pili, mtupu. Nesi alilia kuliko mimi."

Kila neno lilikuwa kweli, na Pilipili hakuhitaji kuambiwa. Yeye mjomba mtu ndiye aliyembeba yule binti kutoka wodini mpaka garini, amemfunika kwa koti lake. Baada ya mazishi dada yake alimwomba jambo moja tu: aandike habari ya ile mitungi. Akamjibu, "Mdogo wangu, subiri kwanza uchaguzi upite." Na wiki ileile safu yake ilihusu viatu vya mgombea wa Ndoo. Viatu!

Alipanda ngazi mbilimbili hadi kwa mhariri, akamkuta anamenya chungwa.

"Bosi, ukurasa wa sita. Nitolee ile sentensi ya mwisho."

"Ya mwombolezaji? Si ndiyo tamu yenyewe?"

"Yule mama ni dada yangu. Tumbo moja. Na mtoto alikufa kweli, nimemzika mimi."

Mhariri aliweka kisu chini. "Nakumbuka, nilikuja msibani. Sasa dada yako amefuata nini kwa Ndoo?"

Jibu lilikuwepo: amefuata kipaza sauti, kwa sababu kaka yake alimnyima chake. Pilipili alilimeza. "Sijui, bosi. Itoe tu."

"Ukurasa umeshafungwa. Nikiufungua, pale pengo nalijaza na nini?" Mhariri alitazama saa. "Kiwandani wanachoma bamba la kuchapia saa kumi. Una robo saa. Andika unachotaka. Ukitaka kuandika kwamba mitungi ilikuwa mitupu, andika, sitakufuta. Lakini wakubwa wa Ngazi wakinipigia simu, nawapa namba yako."

Hebu fikiria bahati hiyo! Watu wanatubu miaka na hawapewi nafasi. Yeye alipewa robo saa, kiti, na ruhusa ya bosi. Akaketi. Akaandika, "Mama huyo alisema kweli." Akaitazama sentensi ile, maneno manne, haina hata chumvi, na akaiona inamfungia mlango wa ofisi ya gavana. Akaifuta. Akaandika, "Mitungi ilikuwa." Akaifuta. Akamkasirikia dada yake kwa kutomwambia kwamba atapanda jukwaani. Akawakasirikia Ndoo kwa kumpandisha. Watu wote aliwakasirikia, akajisahau mwenyewe. Fundi wa kurasa alipoita kwamba muda umekwisha, alikuwa ameandika hivi: "Wakampandisha jukwaani mama mmoja mwenye msiba wa kweli, ambaye wamempotosha kwa manufaa yao." Alisoma mara mbili, akaona ametenda wema. Na alirudi nyumbani akiwa na nafuu moyoni, jambo ambalo mimi ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Asubuhi alimwahi dada yake kabla hajaenda shuleni. Shemeji alipishana naye mlangoni bila salamu. Dada alikuwa mezani, gazeti liko mbele yake, ukurasa wa sita.

"Karibu, kaka. Kaa."

"Mdogo wangu, usikasirike. Hujui jinsi nilivyokupigania jana. Hujui mwanzo palikuwa pameandikwa nini."

"Palikuwa pameandikwa nini?"

Pilipili alilifunika gazeti kwa kiganja.

"Na aliandika nani?"

Dada yake alimngoja, kama anavyowangoja watoto wa darasani kwake, hata kaka mtu mwenyewe akaelewa kwamba ameshajibu. Macho ya dada yalijaa machozi, lakini sauti haikupanda.

"Basi tuyaache hayo. Nakuuliza hili lililoandikwa. Wewe ulimbeba mwanangu. Ile mitungi uliipiga kwa kiganja mwenyewe, ukasikia inavyolia. Mimi nimesimama mbele za watu nikasema nilichokiona, wala sikuongeza kitu. Sasa niambie, kaka: nani kanipotosha?"

Swali lilikuwa jepesi. Lilitaka aseme "hakuna," au "nisamehe," au alie tu, maana kilio alikuwa nacho kifuani tangu mwezi wa pili. Dada yake alikuwa tayari kulipokea lolote kati ya hayo. Alishasogeza mkono mezani, karibu na wa kaka yake. Pilipili alifungua kinywa, na kinywa kikafanya kazi kiliyoizoea kwa miaka kumi na minane.

"Lakini Ndoo nao," akasema, "wangepewa jimbo hili, hata hiyo mitungi mitupu ungeiona?"

Dada yake aliurudisha mkono. Hakugomba. Alilikunja gazeti, akainuka, akaenda kumfungulia mlango.