Kijinyundo cha Fundi Qiu

Gari la Mmarekani liliingizwa Karakana Namba Tatu Jumatatu asubuhi, jeupe, jipya, halijawahi hata kunyeshewa mvua. Wachomeleaji wote arobaini na wawili, mkuu wao akiwa mmoja wao, waliacha kazi wakalizunguka, na kabla ya dakika tano kupita hapakuwa na sehemu yake ambayo haijatukanwa.

"Hebu oneni mlango huu," alisema Pang, mtu mnene mwenye mdomo usiojua likizo, akipitisha kidole kwenye mwanya kati ya mlango na bodi. "Juu kidole kinaingia, chini hakiingii. Aliyeupachika alikuwa amelewa, au mkewe alikuwa amemkimbia siku hiyo?"

"Na ndani je? Kama wodi ya hospitali!" alidakia mwenzake. "Skrini moja na usukani, basi. Letu lina friji, lina viti vya kukukanda mgongo, ukitaka kuimba linakupigia muziki, na bado bei yake ni theluthi mbili ya hili."

"Mmarekani hauzi gari, bwana. Anauza jina."

Wakaangua kicheko. Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mkuu wa karakana, Fundi Qiu Dehai, na alicheka hivyo kwa sababu alikuwa na hofu. Kwa miezi miwili sasa kiwanda kizima cha magari cha Lanhe, pale mjini Hefei, kilikuwa na habari moja tu midomoni. Mmarekani hachomelei sakafu ya nyuma ya gari lake. Anayeyusha alumini, anaisukuma kwenye kalibu kubwa kama chumba, na baada ya dakika mbili inatoka sakafu nzima. Sakafu kama hiyo Karakana Namba Tatu ilikuwa ikiiunganisha kwa vipande themanini na vitatu. Lanhe wakinunua mashine ya namna ile, watu arobaini na wawili wanakwenda nyumbani. Qiu alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na hakuna mtu Hefei anayeajiri mchomeleaji wa umri huo. Watamwambia macho yamekwisha, asante, mlango ule pale.

Basi watu walikuwa bado wanacheka alipoingia Tong Ruolin, meneja wa kupunguza gharama, mwanamke wa miaka thelathini na mitano mwenye sauti ya upole. Miaka kumi na mitatu nyuma alikuja pale akiwa hajui hata kushika kinyago cha mchomeleaji. Qiu alimchukua awe mwanafunzi wake kwa taratibu za zamani. Ruolin alipiga magoti kwenye bwalo la kiwanda mbele ya mashahidi, akamnywesha chai kwa mikono miwili, akamwita fundi wake wa maisha. Tangu hapo kila Sikukuu ya Machipuko, mwaka wao mpya wa jadi, alimpelekea chupa ya pombe kali na katoni mbili za sigara nzuri. Hata alipopanda cheo hakuacha.

"Fundi," alisema, akiinamisha kichwa kidogo mbele ya watu wote. "Mnalicheka nje tu. Lifungueni."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka skrubu ya mwisho. Kisha naomba jicho lako kwenye sakafu ya nyuma. Wakubwa wataamua mwisho wa mwezi. Wahandisi wangu wamesoma mpaka Ujerumani, lakini udhaifu wake hawauoni. Kama upo, utauona wewe. Nionyeshe ulipo, nami nitaupeleka juu kwa mkono wangu."

Qiu alisikia kwamba karakana yake itaokolewa. Ruolin hakusema hivyo. Lakini mtu aliyekwisha kupigiwa magoti na kunyweshwa chai haoni haja ya kuuliza mara mbili.

Walilifungua kwa siku nne, na kila siku kicheko kilipungua. Nyaya hazikufika nusu ya zile za gari lao. Mahali walipotarajia vipande sita walikuta kimoja. Kufikia Jumatano Pang alikuwa anapanga bolti mezani bila kusema neno, jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kulishuhudia. Ijumaa wakainua sakafu yenyewe. Ilikuwa ya kijivu, pana kama kitanda cha watu wawili, haina hata kovu moja la moto. Qiu aliizunguka, mikono nyuma.

"Kazi ya mvivu," alisema.

Moyoni alijua ni kazi nzuri, na ilimuuma kama mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake.

Mchana ule, kwenye bwalo, Pang alimsogelea na bakuli la tambi.

"Ruolin ulimfundisha kila kitu?"

"Kasoro kimoja."

Pang alikielewa. Kila fundi pale alibaki na kitu kimoja mfukoni, kwa sababu mwanafunzi akishajua vyote, fundi wa nini tena? Cha Qiu kilikuwa kijinyundo cha shaba na sikio lake. Akigonga chuma na kusikiliza, alijua kitapasukia wapi na kwa nini. Fundi wake mwenyewe alimpa siri hiyo akiwa kitandani, siku mbili kabla ya kufa.

"Basi ukipaona pabovu, mwonyeshe mahali, uishie hapo," alisema Pang. "Kwa nini ni pabovu, meza."

"Unataka kusema Ruolin ataniuza?"

"Nasema ule tambi, zinapoa."

Jaribio lilifanyika wiki iliyofuata, na Ruolin alipanga lirushwe mubashara. Sakafu mbili zililazwa chini ya mashine ya kukandamiza, ya Mmarekani na ya Karakana Namba Tatu. Watu elfu sitini walikuwa wakitazama kwenye simu zao. Qiu alipachikwa kipaza sauti kwenye kola ya ovaroli, na katika miaka yake yote hakuwahi kusikilizwa na watu zaidi ya mia.

"Kompyuta inasema hii itahimili," alisema mhandisi mwenye miwani, akiinyooshea kidole sakafu ya Mmarekani.

"Kompyuta ina masikio?" aliuliza Qiu.

Akainama, akagonga. Akasogea, akagonga tena, kichwa amekiinamisha upande. Karibu na upinde wa gurudumu alisimama, akatoa chaki akachora msalaba.

"Itapasukia hapa."

Mashine ikashuka. Sakafu yao ilikunjamana, ikalia, ikakataa kuvunjika. Ya Mmarekani ilinyamaza muda mrefu, kisha ikatoa mlio mmoja mkavu, na ufa ukapita katikati ya msalaba wa chaki. Karakana ililipuka kwa vifijo. Pang alimkumbatia Qiu mpaka miguu ikaacha ardhi, na kwenye simu watu waliandika kwamba mzee mmoja wa Hefei amemchapa Mmarekani kwa kijinyundo. Qiu alitamani marehemu fundi wake awepo aone.

Ndipo Ruolin akaja na kikombe cha chai. Alikishika kwa mikono miwili, akainama mbele ya kamera mpaka nywele zikamfunika uso.

"Fundi, watu wote wanataka kujua. Umejuaje?"

Qiu alikunywa. Nyuma ya umati, Pang alikuwa akipitisha kidole kwenye midomo kama anayefunga zipu. Qiu alimwona, tena alimwona vizuri. Lakini chai ilikuwa ya moto mkononi, mwanafunzi wake alikuwa ameinama, na watu elfu sitini walikuwa wametega masikio. Yeye naye ni binadamu, mwenye kiburi chake.

Akasema yote. Alisema kwamba alumini inafika pale ikitoka pande mbili, ikiwa imeshaanza kupoa, kwa hiyo inagusana tu, haishikani, na ndiyo maana mlio wake ni mfu. Alisema mdomo wa kumiminia usogezwe kushoto upana wa kiganja, na hapa uwekwe ubavu, yaani mwinuko wa kuimarisha, mnene kama dole gumba. Akauchora ubavu wenyewe kwa chaki, kwa madaha, akaurefusha kidogo ili kamera iuone.

"Mmarekani angekuwa na fundi, angeyajua haya," alimalizia, na watu wakapiga makofi.

Mhandisi mwenye miwani hakupiga makofi. Alikuwa anaandika.

Kamera zilipozimwa, Ruolin alimkaribisha ofisini akamvutia kiti.

"Asante, Fundi. Mashine ipo hapa kiwandani, nyuma ya milango iliyofungwa, tangu mwezi wa tatu."

"Mashine ipi?"

"Ya kumiminia. Kubwa kuliko ya Mmarekani. Tumetoa sakafu kumi na tisa, zote zimepasuka palepale ulipoweka msalaba, na hatukujua kwa nini. Sasa tunajua."

"Ulisema utaupeleka juu."

"Nimeshaupeleka. Dakika kumi zilizopita."

"Lakini yetu imeshinda! Umeona kwa macho yako!"

"Imeshinda, Fundi. Na ina uzito wa kilo thelathini zaidi, na inataka watu arobaini na wawili. Unajua kwa nini gari letu ni rahisi kuliko la Mmarekani? Si friji. Ni mikono yenu, ni rahisi. Lakini viwanda vingine hapa nchini vina mikono rahisi kama yenu, na kila mwezi vinashusha bei. Mmarekani ametupa wazo, wewe umetupa ubavu."

"Ulinipigia magoti, Ruolin."

"Nilipiga. Nawe ulinificha kijinyundo miaka kumi na mitatu." Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Qiu. "Ningekuomba, ungenipa?"

Qiu alijua asingempa.

"Kwenye mchoro tutauita Ubavu wa Qiu," alisema Ruolin. "Nawe utabaki, uwe mkaguzi wa mashine mpya. Nimekupigania mimi mwenyewe. Wengine, pole sana."

Wiki sita baadaye mashine ilivishwa ua jekundu la kitambaa, wakubwa wakaja na suti zao. Wachomeleaji nao waliitwa siku hiyohiyo kuchukua barua zao za mwisho. Hakuna aliyekosea tarehe, ilipangwa hivyo ili lango lifunguliwe mara moja tu. Walisimama nje ya uzio wa waya wakatazama sakafu ya kwanza ikitoka, ya moto, ikifuka moshi.

Ilipopoa, Qiu aliitwa. Alishika kijinyundo akakiomba chuma kilie vibaya, mara moja tu, leo tu. Aligonga juu ya ubavu wake. Mlio ulikuwa safi kabisa.

"Hapa..." alianza, akitafuta uongo wa kusema. Wakubwa walisubiri. Ruolin alimtazama kwa upole. Lakini sikio lile halikuwahi kudanganya miaka thelathini, na ulimi ukakosa pa kushika.

"Haina kasoro," alisema.

Makofi yakapigwa. Qiu alitoka akaenda moja kwa moja kwenye uzio. Alitoa pakiti ya sigara, zile nzuri za Ruolin, akampenyezea Pang sigara moja kwenye waya kwa mikono miwili. Kwa miaka ishirini Pang hakuwahi kukataa sigara, hata alipolazwa na homa ya mapafu.

Pang aliitazama.

"Mbona moja, Fundi?" aliuliza. "Tuko arobaini na mmoja."

Akageuka akaondoka, na wengine wakamfuata kuelekea kituo cha basi, wala hakuna aliyegeuka. Qiu alibaki mikono yake ikiwa nje ya waya na sigara haijawashwa. Ndani, sakafu ya pili ilikuwa imeshatoka, na Ruolin alikuwa anamwita aje agonge.