Picha Zilizopigwa Kibarazani

Ofisi ya ardhi ilikuwa na benchi moja na watu ishirini, kwa hiyo dobi alikaa sakafuni, bati la biskuti mapajani. Ndani yake zilikuwamo picha thelathini na moja za mtaa wao, zote kazi ya marehemu mumewe, mpiga picha. Wiki tatu sasa bati hilo lilikuwa limemfanya mtu wa maana. Serikali ilitaka mtaa uondoke ili barabara ipanuliwe, na ilitangaza kwamba atakayeleta picha ya zamani na ya sasa za nyumba ileile atapewa kiwanja kwingine. Asiyeleta ni mvamizi, na mvamizi hupewa siku saba. Basi majirani, hata wale waliozoea kumwita Mama Mapovu, wakaanza kumwamkia kwa adabu zote. Aliwaazima picha bila kinyongo, akajitolea kuzipeleka ofisini mwenyewe. Yake aliiacha mwisho. Nani angehangaika kutafuta picha ya nyumba ya mpiga picha?

Afisa alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliochosha. Alizipanga mezani, za zamani juu, na chini zile za sasa walizoleta majirani.

"Duka la mkaa, hili hapa na hili hapa. Safi. La fundi viatu, safi. Ya kwako ipi, mama?"

"Imo humo, mwanangu. Tazama vizuri."

"Nionyeshe wewe."

Dobi akazichambua. Maharusi mbele ya duka la mkaa. Mtoto na baiskeli mlangoni kwa fundi viatu. Wanaume watatu, kila mmoja na picha yake, wote ndani ya koti lilelile la kuazima, mbele ya duka la mkaa tena. Akarudia upya. Mumewe alikuwa na mgongo mbovu na kamera nzito ya miguu mitatu. Kila asubuhi aliitoa hadi kibarazani kwake, akaishia hapo, kwa kuwa jua liliangaza upande wa pili. Miaka ishirini na mitano alipiga kila nyumba iliyokuwa mbele yake. Yake aliipa mgongo.

"Alipigia kibarazani kwangu," alisema. "Zote. Au alikuwa ananing'inia hewani?"

"Nakuelewa, mama. Lakini nyumba haionekani."

"Na kivuli hiki barabarani? Si paa letu hili?"

"Kivuli hakina namba ya jengo."

Muuza mkaa alikuwa pale pale, akisubiri muhuri wake.

"Huyu ni jirani yangu," dobi alisema. "Mwulize."

"Anaweza kuwa shahidi," afisa alijibu. "Ila faili lake nalo litasimama mpaka lako lichunguzwe. Ndio utaratibu."

Muuza mkaa alimtazama dobi, kisha akautazama muhuri.

"Shemeji, nisamehe. Nina watoto sita."

Muuza mkaa alikuwa akimwita shemeji tangu siku ya harusi yake mwenyewe, ile ambayo mume wa dobi aliipiga picha bure. Dobi alitamani kumtupia bati zima usoni. Alilifunga, akaenda zake.

Siku ya nne kati ya zile saba, mlango wake ukiwa tayari umepakwa alama nyekundu ya kubomolewa, mpimaji wa ofisi ya ardhi alifika na kamera begani. Dobi alikuwa anapiga pasi.

"Shikamoo, mama. Mkubwa amezikataa zile picha za sasa, zimepigwa upande upande. Anataka zipigwe kutoka pale pale zilipopigwa za zamani, ndipo zilingane. Mzee alikuwa anasimama wapi hasa?"

"Na nisipokuonyesha?"

"Mtaa mzima utakwama."

Ng'ambo ya barabara muuza mkaa alikuwa amevaa shati jeupe. Watoto wake sita walikuwa wamejipanga mlangoni, wameoga. Shati lile dobi alilifua yeye mwenyewe.

Aliweka pasi chini. Akapiga magoti, akafagia mchanga kwa kiganja, mpaka vikatokea vishimo vitatu kwenye saruji, vilivyochimbwa na miguu ya kamera moja kwa miaka ishirini na mitano. Mpimaji akasimika kamera yake. Miguu ikazama vishimoni, yote mitatu.

"Ah, barabara kabisa!" alisema kwa furaha. Akainama, akachungulia, akamwona dobi bado amepiga magoti mbele ya lenzi, akainua kichwa. "Sasa rudi ndani, mama. Hutakiwi kuonekana."