Nyumba Yenye Homa

Mtaani walimwita Sista Homa, kwa sababu swali lake la kwanza kila alipobisha hodi lilikuwa hilohilo: kuna mwenye homa humu? Alikuwa muuguzi wa utafiti wa chanjo ya dengi, ugonjwa unaoenezwa na mbu, na kila wiki alizungukia nyumba za watoto waliochomwa sindano. Baadhi walipewa chanjo, wengine maji ya chumvi tu. Nani alipata nini, yeye hakujua, wazazi hawakujua, hata daktari mkuu hakujua. Siri hiyo ingefunguliwa mwisho wa utafiti, pale watakapohesabu ni watoto gani waliougua.

Msimu ule mvua zilikuwa kubwa, na wodi zilijaa wagonjwa wa dengi kutoka mitaa ya jirani. Mtaa wa Sista Homa ulikuwa shwari.

"Hatuna homa, sista."

"Hongereni! Hamjaniangusha," alikuwa akijibu huku akicheka, kisha huyoo, nyumba inayofuata.

Kwenye kikao aliutaja mtaa wake kwa fahari. Daktari mkuu, mama mmoja mpole asiye na papara, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni habari njema mno," alisema. "Wenye chanjo sawa, labda inawalinda. Na wenye maji ya chumvi, wao wanalindwa na nini?"

"Labda wamefukia madimbwi."

"Labda," daktari alisema, na kikao kikaendelea. Lakini lile swali lilimganda muuguzi kichwani.

Kesho yake alipiga hodi kwa Bibi Cherehani, mshona sare za shule aliyeishi na mjukuu wake wa kike. Bibi huyu hakujua kuongea bila kushona. Mguu ulikanyaga, mkono ukasukuma kitambaa, mdomo ukamsema kila apitaye. Leo cherehani ilikuwa kimya. Kwenye mgongo wa kiti kilining'inia kipande cha kitambaa cha sare, kibichi, kinadondosha maji.

"Shikamoo bibi. Kuna homa?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna. Nenda tu, usichelewe kwa wenzio."

"Leo unanifukuza? Na mwenye kelele zake yuko wapi?"

"Amelala."

"Saa hizi?"

Kabla bibi hajajibu, sauti ndogo ilitoka nyuma ya pazia. "Bibi, tumbo."

Muuguzi alivuta pazia. Mtoto alikuwa amejikunja kitandani, midomo mikavu. Alimgusa paji la uso: jasho, baridi.

"Si unaona?" bibi alisema haraka. "Tangu juzi alikuwa anawaka, nikamkanda kwa kitambaa mpaka alfajiri. Leo imeshuka, anapona huyo."

Sista Homa hakuwa na hakika hiyo. Kwenye dengi, homa kushuka si lazima iwe nafuu. Huo ndio wakati ambapo maji ya damu huweza kuanza kuvuja kwenye mishipa, na dalili mojawapo ni tumbo kuuma hivyo. Alipiga simu gari la wagonjwa lije, akafungua mkoba, akamtoa mtoto damu huku akimbembeleza, kisha akaiweka chupa ya damu hiyo kwenye kisanduku cha barafu.

"Bibi, kwa nini hukuniita?"

Bibi alikuwa anafunga kanga. "Unaniuliza mimi? Si wewe kila wiki unatupongeza? 'Hamjaniangusha, hamjaniangusha.' Nani anataka kukuangusha? Umetuheshimu, unatusalimia vizuri, halafu nyumba yangu ndiyo ije kuharibu dawa yako?"

Muuguzi alifunga mkoba wake. Ni kweli. Alikuwa amekwenda kutafuta homa, na kila alipoikosa alishangilia, tena kwa sauti.

"Na wengine?" aliuliza.

"Wengine waulize wenyewe. Mimi si mbea," alisema bibi, ambaye kila mtu alijua kuwa ni mbea.

Kwenye kituo cha afya mtoto alitundikiwa maji, na manesi wakawa wanampima kila mara. Bibi alikaa kando yake bila kumsema mtu yeyote, jambo lililomtisha muuguzi kuliko kitu kingine. Asubuhi iliyofuata mtoto aliomba uji. Bibi akageuka, akamtazama nesi wa zamu kuanzia juu hadi chini.

"Hiyo sare nani alikushonea? Bega moja limekwenda safari."

Hapo muuguzi akajua mambo yanatengemaa.

Alimweleza daktari mkuu kila kitu. Alitegemea kukaripiwa.

"Tuliuliza vizuri, tukapokea majibu vibaya," daktari alisema. "Lakini si homa zote zilizofichwa zimepotea. Damu husahau polepole, alama za ugonjwa hubaki humo hata baada ya kupona. Omba ruhusa ya wazazi, tuwapime tena watoto wote."

Basi alianza upya, mlango kwa mlango. Hakusema hongera. Alisema: "Chanjo haiaibishwi na homa yenu. Tukizikosa homa, hatutajua kama inafanya kazi. Mkificha, mnanificha mimi jibu, na mtoto anakosa tiba."

Kinyozi wa kona alijikuna kidevu. "Basi wa kwangu alipata. Kidogo tu. Tulikustahi."

"Usinistahi tena, kaka. Niite."

"Hata usiku?"

"Hata usiku."

"Mke wangu atauliza ni sista gani huyo," kinyozi alisema, na wote wawili wakacheka.

Mtoto alipotoka kituoni, alimsubiri muuguzi mlangoni.

"Sista, mimi nilichomwa ile ya kweli?"

"Sijui, mama. Hakuna anayejua bado."

"Sasa mtajuaje?"

"Kwa homa yako, na za wenzako. Tutazipanga zote, ndipo tutaona nani alilindwa."

Mtoto alifikiri. "Kwa hiyo homa yangu imesaidia?"

"Imesaidia sana."

Nyuma yake cherehani ilikuwa inalia kwa kasi. Ghafla ikanyamaza, na bibi akatoa kichwa dirishani.

"Sista Homa! Kwa muuza mkaa mtoto anachemka tangu asubuhi. Mama yake yuko njiani kukuita, lakini anatembea kama bibi harusi, nikaona nimtangulie!"

Muuguzi aliangalia barabarani. Kweli, mama mmoja alikuwa anakuja, akipunga mkono juu ili aonekane. Alishika kisanduku chake cha barafu, akaenda kumpokea.