Aliyeitikia wa Kwanza

Mimi ni mwoga, nisimdanganye mtu. Mashine yangu ikikwama tu, moyo hunienda mbio kabla msimamizi hajageuka. Sasa sijui nilipata wapi ujasiri wa kusimama Jumapili ile mbele ya kanisa zima, na bosi wangu kaketi benchi la kwanza.

Tunashona sare za shule, wanawake kumi na wanne, na mimi natoboa matundu ya vifungo. Kazi inaisha saa kumi na moja, lakini tunabaki mpaka giza liingie, na saa hizo za ziada bosi haziiti kazi. Anaziita kujitolea. Mwisho wa mwezi anatugawia anachojisikia, anakiita zawadi, nasi tunampigia makofi. Ukitaka kuona watu wanavyopiga makofi huku wamenuna, njoo kwetu.

Padri ndiye aliyetibua mambo. Alikuja kwenye jumuiya yetu ndogo akatufundisha kwamba Mungu aliumba mali ya dunia kwa ajili ya wote, na kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa kumtosha yeye na familia yake. Kisha akasema kilicho haki yako, mtu hawezi kukupa kama sadaka. Tukatazamana. Zamu ya kuandika maombi ya waamini ilikuwa yetu, na kwa kuwa mimi nasoma bila kukwama, jumuiya ikanitwika.

Dada yangu, aliyenilea tangu mama alipopooza, anashona kola kwenye mashine iliyo kando ya yangu. Nilipomwonyesha karatasi, alisoma ombi la nne akaniuliza kama nimechoka kula. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema, na tukifukuzwa, dawa za mama nitazinunua kwa maombi? Nikamwahidi kwamba ombi hilo nitaliruka.

Jumapili nikapanda mbele. Nikaliombea Kanisa, nikawaombea wagonjwa, nikaomba mvua. Hapo nikamtazama bosi. Alikuwa akitabasamu lile tabasamu lake la kugawa zawadi. Hasira ikanipanda, na woga nao uko palepale, haujaondoka hata kidogo. Potelea mbali, nikasoma.

"Tuwaombee waajiri wote, waache kuita zawadi kile ambacho ni jasho la mtu. Ee Bwana."

Watu hujibu bila hata kufikiri, wengine wakiwa wanasinzia. Siku hiyo, kimya. Wenzangu kumi na wawili wa kiwandani wakainamisha vichwa. Wengine kanisani walipowaona wameinama, nao wakanyamaza. Tabasamu la bosi likaganda. Nikajua nimekwisha, na mama nimemmaliza.

Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma, kavu, ya mtu aliyekula vumbi la vitambaa miaka mingi.

"Twakuomba utusikie."

Alikuwa dada, peke yake. Bosi akageuka, akamtazama. Kanisa zima likaitikia baada yake, wenzangu wote kumi na wawili wakiwemo, lakini bosi alikuwa ameshaona alichotaka kuona.

Jumatatu msimamizi alikuja na barua mkononi. Sikumsubiri aseme. Nilisimama, nikamwambia aliyesoma ni mimi.

"Wewe ulisoma ulichotumwa, na padri anakujua," alisema. "Bosi anamtaka aliyeitikia wa kwanza."

Akamkabidhi dada barua. Kisha akauliza, taratibu kabisa, kama kuna mwingine aliyeitikia. Mashine zote zilikuwa zimenyamaza. Ikaanza moja kuunguruma, ikafuata ya pili, mpaka chumba kizima kikawa kinashona. Siwalaumu. Nilijua woga ule, ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Nikachukua mkoba wangu nimfuate dada. Akanishika bega akanikalisha kwa nguvu, kama alivyokuwa akinikalisha nile nilipokuwa mdogo.

"Kaa. Tukitoka wote wawili, mama atalishwa na nani?"

Nikakaa. Alipita katikati yetu bila kumtazama mtu, na hakuna aliyeinua uso kumuaga. Msimamizi akalichukua rundo la kola alizoziacha, akaliweka mezani kwangu, akasema nitabaki jioni nizimalize.

Nikaitikia ndiyo.