Mwenye Nzi

Hortense Kalaba alikwenda mbele ya madhabahu kwa sababu ya mgongo, si kwa sababu ya shetani. Hilo alilirudia baadaye kwa kila aliyemsikiliza, na kwa wengi ambao hawakumsikiliza. Mtu akiinama na kuinuka juu ya samaki wa moshi kwa miaka ishirini na miwili katika soko la Kasungami, mgongo utasema tu. Ilikuwa Alhamisi, zimebaki siku tisa binti yake Dorcelle aolewe, na Hortense alitaka kuombewa ili acheze mbele ya wakwe bila kushika kiuno.

Lakini Pasta Aristote hakuwa mtu wa kuombea mgongo hivi hivi. Kabla ya wito wake alikuwa akiuza matairi kwa jumla huko Butembo, na biashara hiyo ilimwachia imani moja: kitu kisichojulikana jina hakitoki ghalani. Kila pepo alimwuliza jina kwanza, akaliandika katika daftari la jalada la buluu, ndipo akamfukuza. Legioni alikuwemo mara nne. Asmodeo alikuwemo, Abadoni alikuwemo, pamoja na vipepo vidogo vya mitaani. Aliyekosekana ni mkubwa wao, na Pasta alikuwa akimngoja tangu alipohamia Lubumbashi, miaka kumi na moja sasa.

"Jina lako nani?" alinguruma, mkono juu ya kichwa cha Hortense.

"Hortense, Pasta. Si unanijua?"

"Siulize weye! Nauliza ule wa ndani!"

Hortense akawaza ajibu nini, maana kumnyima mchungaji jibu mbele ya watu ni utovu wa adabu. Ndipo sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Mwenye Nzi! Njo jina yake! Uliza nzi zake, zitakuambia!"

Aliyesema ni Mumba, muuza makaa, ambaye meza yake na ya Hortense zinagusana sokoni. Mumba ni wa ukoo wa Mamba, Hortense ni wa ukoo wa Samaki, na kwa watu wa upande wa Kasenga hapo maneno yamekwisha. Mamba hula samaki, basi koo hizo mbili ni banungwe, watani wa tangu mababu. Mnungwe wako anaweza kukuita mchawi, akakunyang'anya kuku, hata akaingia katika kaburi ulilochimbiwa na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Ukikasirika, aibu ni yako. Mumba alimwita Hortense Mwenye Nzi kila asubuhi badala ya kumwamkia, na siku asipoitwa hivyo Hortense alijua mwenzake anaumwa.

Nusu ya kanisa wakacheka. Kwenye kiti cha mbele, mke wa mchungaji, Mama Cathy, alijifunika uso kwa leso, na mabega yakaanza kumtikisika. Mumewe akayaona mabega hayo, akajua Roho ameshuka.

"Mwenye Nzi," alisema taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Akafungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, akamsoma Baal-zebubu, mungu wa Ekroni, na kuwaeleza watu kwamba maana yake ni bwana wa nzi. Akaruka mpaka Mathayo: Beelzebuli, mkuu wa pepo! Akatoa daftari lake. Aliandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini mara mbili.

Kisha akatoa hukumu. Hortense afunge siku ishirini na moja, samaki wake wote wachomwe moto nyuma ya kanisa, na harusi isubiri. Hawezi kumfungisha binti ndoa huku mama yake amembeba mfalme wa mashetani.

Hortense alirudi nyumbani kwa miguu yake lakini hakujua alipita wapi. Kuchoma samaki ambao tayari walishapita kwenye moshi, hilo lilikuwa jambo la kuchekesha, na siku nyingine angecheka. Lakini Dorcelle alikuwa amejifungia chumbani na gauni lake. Na kabla jua halijatua, simu ikalia: Mama Geneviève, mama yake Laurent, bwana harusi. Familia yao ilitoka Kasai zamani, watu wa shule na biashara, wanaozungumza kwa upole hata wanapokukata.

"Mama Dorcelle," alisema, "sisi hatuna neno na mutoto. Lakini tuko bakristo ya bizazi tatu. Pasta akisema iko sawa, tunakuya. Asiposema, hatukuye."

Mumba naye alikimbilia kwa Pasta siku ileile kuungama. "Pasta, nilikuwa ninachekesha tu. Huyu ni mnungwe wangu."

"Njo vile Shetani anatumiaka bantu," Pasta alijibu kwa huruma. "Alikukopa mudomo. Na weye tutakuombea."

Ijumaa akaja Gérard. Huyu ni mwalimu wa lugha za kale pale chuoni Kasapa, na kila Ijumaa hununua samaki wawili wa moshi, akiwanusa kwanza kama anayesoma. Siku hiyo alikuta meza tupu, Hortense ameketi na mikono mapajani, na Mumba kando yake, amenyamaza. Kumkuta Mumba amenyamaza kulimtisha zaidi kuliko meza tupu. Akaambiwa habari yote.

"Baal-zebubu," alisema Gérard, akavuta gunia la makaa na kulikalia bila kuuliza. "Muliambiwa habari zake zote? Mufalme Ahazia alianguka kutoka chumba cha juu, akatuma bantu kuuliza ule mungu wa Ekroni kama atapona. Bon. Wataalamu wengi wanasema pale kwao hakuitwa Mwenye Nzi. Mungu gani atakubali jina ya vile? Aliitwa Baal-zebuli: Bwana Mukubwa, ama Bwana wa nyumba ya juu. Ni bantu wa Israeli, majirani, njo waligeuza jina yake kidogo, ikakuwa ya nzi. Juu ya kumuchekelea."

Hortense akainua kichwa. "Basi hakujiita yeye mwenyewe."

"Hapana."

"Walimuita majirani."

"Kabisa."

"Prof, hawa bantu wa Israeli na ule wa Ekroni, walikuwa banungwe?"

Miaka kumi na minane ya kufundisha, hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwuliza hivyo. "Siyue," alisema Gérard. "Lakini nitaiandika mahali." Akaondoka bila samaki, na Hortense akasimama kwa haraka hata mgongo ukasahau kuuma.

Jumamosi asubuhi alibisha kwa Pasta akiwa na Mumba nyuma yake. Walimkuta mezani, akinywa chai, daftari la buluu kando ya sukari. Hortense hakuketi. Alimweleza yote, Ahazia na anguko lake, nyumba ya juu na nzi, na akamalizia hivi: "Pasta, shetani hajataja jina. Ulisikia jirani anamutania jirani. Hii ya kwangu na hata hii ya Biblia."

Pasta akatikisa kichwa kwa upole. "Mama, na Roho aliyeshuka? Miye mwenyewe niliona Mama Cathy anatetemeka."

Mama Cathy, aliyekuwa akikata mkate, aliweka kisu chini.

"Baba," alisema, "nilikuwa ninacheka."

"Unasema nini?"

"Nilikuwa ninacheka. Miye ni muntu wa Kasenga, na miye pia ni wa Mamba. Huyu mama ni samaki yangu. Niliogopa kukuambia, ulikuwa umefurahi sana."

Pasta Aristote alitazama daftari. Ukurasa wa Beelzebuli ulikuwa mzuri, wino umekolea, ile mistari miwili imenyooka. Alichukua kalamu, na Hortense, ambaye alikuwa amekuja na hasira ya siku tatu, akamwonea huruma. Mkono wa Pasta ulichelewa juu ya karatasi kabla ya kulifuta jina lile.

"Miaka kumi na moja niko hapa," alisema, macho chini. "Hakuna muntu amekwisha kunitania hata mara moja."

Hortense na Mumba wakatazama sakafu. Hapakuwa na mtu Kasungami, hata mtoto wa chekechea, asiyejua Pasta anavyoitwa akishageuka mgongo.

"Mume wa mamba ni mamba," alisema Mama Cathy, akimwongezea chai. "Ungeuliza, ningekuambia."

Harusi ilifungwa siku yake. Wakwe walikuja wote, Mama Geneviève amevaa kitambaa cha thamani na kilemba kirefu. Pasta alisimama mlangoni kupokea familia, na mama wa bibi harusi alipofika kwenye ngazi, mwili wake umenyooka na mkufu umekaa sawa, alimzuia kwa mkono.

"Haingie hapa," alisema kwa sauti iliyokwaruza kidogo, "mupaka aache nzi zake inje. Mwenye Nzi!"

Kilemba cha Mama Geneviève kikainama upande. Dorcelle, kwenye gari, alishika mkono wa gauni kwa meno. Hortense alimtazama mchungaji wake, akaona macho yale yanayongoja, kama ya mgeni aliyebisha hodi na hajui kama watamfungulia.

"Asante, Pasta Pompi," alijibu.

Pompi, yaani pampu, kwa sababu ya matairi, na kwa sababu alipohubiri mkono wake wa kuume ulipanda na kushuka kama wa mtu anayejaza upepo. Pasta akautazama mkono wake, ambao wakati huohuo ulikuwa umeinuka nusu, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akamwegemea Mumba aliyesimama karibu, na machozi yakamchuruzika kwenye kola.

"Pompi," alisema. "Tangu mwaka gani?"

"Tangu ulipokuya," alisema Hortense, akapita na kwenda kucheza.