Uso wa Pélagie Siku za Kilio

Siku ile Basile alipozikwa, wanawake wa ukoo wake walimvua mjane wake Pélagie viatu, herini na kitambaa cha kichwa, wakamkalisha juu ya mkeka mu chumba cha pembeni, wakamwambia sheria. Hakuna kusuka. Hakuna kujitazama mu kioo. Hakuna kumpa mtu mkono. Kuoga ni maji matupu asubuhi, bila sabuni, na ngozi haipakwi kitu chochote, hata mawese, mpaka siku ya kutosha kilio, ya kuondoa matanga, baada ya siku makumi nne.

Pélagie aliitikia kila sheria kwa kichwa huku akilia kama inavyostahili. Ile ya mwisho ilimkausha machozi.

Mtaa mzima wa Kilibula ulimjua kama mwanamke mweupe wa kuzaliwa. Hivyo ndivyo alivyosema miaka ishirini na mbili, na alisema vizuri. Hii ni rangi ya mama yangu, alisema. Na mama ya mama yangu alinipita, hata padri mmoja wa zamani alimuuliza kama yeye pia ametoka Roma. Bibi alikuwa amekufa na padri alikuwa amerudi kwao, basi hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Lakini rangi yenyewe ilikaa chini ya kitanda, mu kopo ya maziwa ya unga. Ilikuwa melanje ya Nyandwi, mama mmoja wa soko la Mulongwe aliyewakorogea wanawake mafuta yao mu ndoo iliyokuwa ya chokaa, kwa mwiko wa bugali. Tuyau tatu za krimu hii, nusu kopo ya ile, na vidonge vya kusaga ambavyo hata Nyandwi mwenyewe hakujua kusoma majina yake. Asubuhi mara moja, magharibi mara moja. Pélagie hakuwa ameruka siku hata ile ya malaria.

Aliyewekwa kumlinda ni wifi yake Pudentienne, dada mkubwa wa Basile, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ambayo ikitoka Kilibula inafika Burundi bila kuonyesha karatasi kwa watu wa douane mpakani. Asubuhi ya kwanza tu, Pudentienne alifagia chumba cha marehemu mpaka chini ya kitanda, akatupa kila kilichokuwa pale: viatu vya zamani, magazeti, kopo. Pélagie alisikia kopo ikigonga mawe ya mufereji, akalia kwa nguvu. Wanawake wakasema, huyu alimpenda kweli.

Siku ya nane, uso ulianza kumwasha. Siku ya kumi na mbili, ulikuwa mwekundu kama pilipili ya Fizi, umevimba mpaka macho yamebaki kama vifungo vya shati. Vipele vikatoka, vikapasuka, maji yakatiririka mpaka shingoni. Akigusa shavu kwa kidole, ngozi ilibaki kwenye kidole. Na chini ya ule wekundu, weusi wake wa kweli ulikuwa unarudi, lakini haukurudi kwa adabu kama mgeni anayebisha hodi. Ulirudi vipandevipande, hapa jivu, pale samawati, juu ya mashavu doa moja kama mtu aliyelala juu ya masizi.

Watu waliokuja kulia waliingia, walimtazama, walitoka haraka. Halafu walisimama nje chini ya shiti la plastiki na kusema polepole, kwa ile sauti ya polepole ambayo aliyelala hata nyumba ya tatu anaisikia:

"Basile ameanza kuongea."

Maana Basile aliumwa tumbo siku mbili tu, akafa. Kule hospitali walisema ni kidonda cha ndani kilichotoboka. Lakini mu ukoo ule hapakuwa na mtu aliyewahi kufa kwa ugonjwa. Wote waliuawa na mtu, tangu babu aliyefika miaka tisini na sita. Na wao waliamini hivi: mke aliye na mkono mu kifo cha bwana wake, mwili wake unamtaja kabla kilio hakijatoshwa.

Pélagie hakuwa amezaa. Kama ukoo ungesema ni yeye, angetoka mu ile nyumba na kikwembe alichovaa, na jina la mwenye sumu lingemtangulia. Kutoka Kavimvira mpaka Baraka, hakuna ambaye angekunywa tena maji yaliyopita mikononi mwake.

Siku ya ishirini alikuja Gratien, infirmier, muuguzi wa dispansari ya jirani, kijana wa maneno machache. Alichutama mbele ya mkeka, akamtazama sana.

"Mama, ulikuwa unapakala nini?"

"Hakuna. Minye nilizaliwa hivi."

"Ni vizuri," Gratien akasema, akageuka kuona kama Pudentienne yuko mbali. "Basi muntu asiyepakala kitu, akikatisha ghafla kile hakuwa anapakala, ngozi yake inaweza kuwaka miezi mitatu, na ya wengine mwaka. Ilikuwa imezoea dawa kali. Aweke kitambaa safi chenye maji baridi, aje kuniona. Na asirudilie. Akirudilia itanyamaza, lakini siku ingine itamudai zaidi."

"Nitamwambia nikimuona," Pélagie akasema.

"Mwambie."

Hakuwa mjinga, Pélagie. Alielewa yote. Lakini kusema neno moja lile, mbele ya Pudentienne, baada ya miaka ishirini na mbili ya bibi wa Roma? Aliona afadhali avumilie. Zimebaki siku ishirini, akajiambia, labda uso utapoa. Uso haukupoa. Siku ya thelathini wanawake waliacha kula chakula kilichopita karibu na chumba chake.

Siku ya thelathini na nane, saa ya watu kutoka misa, Nyandwi alikuja na kilo moja ya sukari ya rambirambi. Pudentienne alikuwa uani anagawa kazi. Nyandwi aliinama kama anayesali.

"Pole, mama. Wamekuharibu. Kazi yangu yote ya miaka ishirini, tazama."

"Nyandwi, sikiliza. Uende kwa muzee wa ukoo, baba mukubwa Itangishaka, umwambie weye njo unaniuzisha mafuta. Banasema nilimupa Basile sumu."

Nyandwi alitazama mlango. "Mama Pélagie, minye niko na wateja makumi ine pale Mulongwe, na wote walizaliwa weupe. Nikifungua kinywa juu yako, kesho nitauza nini? Nyanya?" Akatoa kitambaa kidogo kilichofungwa fundo, akakisukuma chini ya goti la mjane. "Hii nimeongeza nguvu. Kidole kimoja asubuhi, kimoja magharibi. Siku ya kutosha kilio utakuwa umepoa, utatoka unang'aa, watajua wenyewe Mungu amekusafisha."

Akaondoka na mwavuli wake.

Pélagie alikalia lile fundo nusu saa. Uso ulikuwa unawaka kama aliyeinamia sufuria. Maneno ya Gratien aliyakumbuka, na hayakumsaidia kitu. Alifungua, akachota kwa ncha ya kidole, na kidole kilikuwa bado hakijafika shavuni Pudentienne alipoingia na sahani.

Sahani ilianguka. Pudentienne alinyakua kitambaa, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Harufu ile ilikuwa ya chuma na limau, kali, ya kutoa machozi. Ndani mulikuwa na uji mweupe, hauna jina, hauna karatasi, umefungwa fundo kama mambo ya siri yanavyofungwa.

"Mje muone," akasema, na Burundi ikasikia. "Nimeipata. Ilikuwa chini yake. Alikuwa ameikalia."

Walimtoa nje chini ya plastiki, mbele ya watu wote. Muzee Itangishaka, baba mukubwa wa Basile na mwenye neno la mwisho mu ukoo, aliletewa kitambaa juu ya kifuniko cha sufuria, maana hakuna aliyetaka kukishika. Alivaa miwani, akakitazama, akavua miwani.

"Pélagie, hii ni nini?"

"Ni mafuta, baba."

"Mafuta ya nini?"

"Ya uso."

"Weye uso wako una shida gani ya mafuta?" Pudentienne akauliza. "Weye mutoto wa weupe. Si ulitufundisha wenyewe? Tuko na majina ya bibi zako wote mu kichwa."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikoholesha.

"Kama si sumu," Itangishaka akasema bila hasira, "ilambe kidogo. Tutaona."

Pélagie alitazama ule uji. Aliujua. Nyandwi mwenyewe, akikoroga, alijifunga pua kwa kitambaa. Kuulamba kungemuua, au kungemtapisha mbele yao, na hayo mawili kwa ukoo ule yangekuwa jibu moja. Akawatafuta watu kwa macho yake ya vifungo. Gratien alikuwa amesimama karibu na mlango, amekunja mikono, anangoja.

Basi akanyoosha mikono yake mbele ya Itangishaka, migongo ya vidole juu.

"Tazama hapa, baba. Kwenye vifundo. Hapa mafuta hayaingiaka. Tazama nyuma ya sikio. Tazama vidole vya miguu. Hii njo rangi yangu. Ile ingine ilikuwa ya kopo. Mama yangu alinipakala wiki tatu mbele mje kunitazama kwetu, na sijaacha. Mulinikataza siku makumi ine, njo hivi nimekuwa. Sikumupa Basile kitu."

Hata wale wa sufuria waliacha kukoroga.

Gratien akasema ni kweli, ameona wanawake saba hivi mwaka huu, na wote bwana zao wako wazima, wanakula vizuri. Akaeleza dawa ile inavyofanya ngozi kuwa nyembamba, na inavyolipuka ikikatishwa. Aliongea dakika tatu. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu wote walikuwa wanatazama vidole vya Pélagie. Wanawake wawili watatu walikuwa wameingiza vyao mu vikwembe.

Itangishaka alifikiri sana, kisha akasema kile alichokuwa anafikiri.

"Kwa hiyo ile ng'ombe ya sita."

"Ng'ombe gani, baba?"

"Kwenu walitaka tano. Minye mwenyewe nilisema, hapana, muke wa rangi hii, tuongeze moja. Niliinuka nikasema mbele ya bantu." Akatikisa kichwa. "Nilinunua kopo."

Sasa walicheka wazi. Walicheka waliolia juu ya Basile wiki tano, walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Ulikuwa mcheko mzito, wa kumtoa mtu kwenye sumu na kumwingiza pengine. Pélagie alisimama katikati, maji ya uso yakimtiririka, akangoja umalizike.

Kulikuwa na neno moja ambalo lingewanyamazisha. Basile alijua. Tangu mwezi wa kwanza wa ndoa alijua. Mgongoni, pale mkono wake Pélagie haukufika, ni Basile aliyempaka, kila Jumamosi, akiimba. Na mwaka ule Pélagie alipotaka kuacha, ni yeye aliyesema: usiniaibishe, mu kazi wote wananijua kama bwana ya ule mweupe. Neno hilo lilifika mdomoni. Pélagie alimtazama Itangishaka, akawatazama wote walivyokuwa na furaha, akalimeza. Wangemcheka na marehemu pia, na yeye ndiye mjane.

"Hakuna sumu," Itangishaka akatangaza. "Kuna uongo. Mu nyumba akae. Lakini mu ukoo huu, asiongee tena mbele ya bantu. Tumesikia ya kutosha."

Siku mbili baadaye kilio kilitoshwa. Walimnyoa, wakampa kikwembe kipya, wakampa sabuni. Hakuna aliyempiga picha. Watoto wa njia ya Kilibula walikuwa tayari wamempa jina, Mama Kopo, na jina lile lilimsindikiza kanisani na kumrudisha.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya milima, Pudentienne alikuja jikoni alipokuwa Pélagie anachagua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kitambaa chenye maji kikiwa shingoni. Aliketi. Alisifu ndagala. Alilalamika juu ya bei ya mawese. Halafu akasogeza kiti.

"Wifi, ule mama wa mafuta anakaaka upande gani wa soko?"

Pélagie aliacha kuchagua.

"Si yangu," Pudentienne akasema. "Ni ya Noella, binti yangu. Iko na kijana mumoja wa Kavimvira anakuja kumutazama mwezi ujao. Unamujua Noella, ameiva sana kwa jua."

"Weye uliniona siku makumi ine," Pélagie akasema. "Ulilala mu chumba kimoja na minye. Ulifua shuka zenye ngozi yangu."

"Nilikuona. Njo najua. Weye uliungua juu ya kukatisha. Yeye hatakatisha."

"Atakatisha siku bwana yake atakufa. Mutamukalisha chini, mutamukataza mafuta."

Pudentienne alifikiri. Alifikiri kwa kweli, uso wake mpole kuliko siku zote, kama mama anayemtafutia mtoto njia.

"Basi tutaomba Mungu," akasema, "atangulie kufa Noella."

Na akabaki ameketi, anangoja aambiwe upande wa soko.